Kamba, kitambaa, pendulamu au Mshtarii? Njia za kufundishia uvutano wa jua na sayari

Kuandika ubaoni kwamba jua huvuta sayari ni kazi ya dakika moja. Ugumu huanza mkono wa kwanza unapoinuliwa: "Mwalimu, kama jua linatuvuta, mbona hatujaangukia huko?" Ukimaliza hilo linakuja la pili: "Na wale wanaoelea kwenye chombo cha angani, wao mbona hawavutwi?" Ni maswali ya haki, na yanastahili zaidi ya duara lililochorwa kwa chaki. Ndiyo maana walimu wengi wa sayansi huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Iringa hadi Kyela, hutamani walau onyesho moja ambalo mtoto ataliona kwa macho au kulishika kwa mkono. Muda nao ni mdogo, darasa limejaa, na fedha ya vifaa haina uhakika. Hapo ndipo mtu anakwama: aandae lipi?

Ninalinganisha hapa njia nne zinazowezekana katika shule ya kawaida, na kugusia ya tano ambayo mikoa mingine haina bahati nayo.

Kwanza tukumbushane jambo lenyewe. Tangu Isaac Newton alipochapisha kazi yake mwaka 1687, tunajua kwamba kila kitu chenye tungamo (wingi wa maada yake) huvuta kila kitu kingine. Tungamo likiongezeka, mvuto unaongezeka. Umbali ukiwa mara mbili, mvuto unabaki robo. Jua limebeba takriban asilimia 99.8 ya tungamo lote la mfumo wetu, kwa hiyo ndilo linalotawala. Dunia iko umbali wa kilomita milioni 150 hivi kutoka kwenye jua, na inakwenda kilomita 30 kwa sekunde. Inaanguka kuelekea jua muda wote, ila mwendo wake wa pembeni ni mkali kiasi kwamba kila inapoanguka, inalikosa. Mtoto akiielewa sentensi hiyo moja, mada imemwingia.

Vigezo vya kuchagulia

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni dhana potofu iliyopo darasani mwako. Zinazojirudia ni hizi: kwamba kuna kitu kinachosukuma sayari mbele ili ziendelee kuzunguka, kwamba angani hakuna uvutano kabisa, kwamba jua huvuta lakini lenyewe halivutwi, na kwamba kitu kizito huanguka haraka kuliko chepesi. Huku kwetu kuna moja zaidi ambayo ina hila. Mwanafunzi wa Makete au Njombe anasoma kwamba mwanzoni mwa Julai dunia huwa mbali zaidi na jua, kilomita milioni 152, na mwezi huohuo anatetemeka kwa baridi. Anaunganisha mawili hayo na kuona amepata jibu. Mwulize basi kwa nini Julai hiyohiyo Ulaya ni majira ya joto. Tofauti ya umbali kati ya Januari na Julai ni ndogo, kama asilimia 3 tu. Majira yanatokana na kuinama kwa mhimili wa dunia. Dhana hii inatoka kwenye michoro inayoirefusha mno njia ya dunia, kwa hiyo onyesho lolote utakalochagua liulizwe kama linaitibu au linaichochea.

Vigezo vitatu vinavyobaki ni vyepesi kueleza: onyesho linapotosha wapi, kwa sababu hakuna lisilopotosha mahali, linadai nini kwa fedha, muda na hali ya hewa, na linamfaa nani.

Jiwe la kamba

Chukua mrija mtupu wa kalamu, pitisha uzi imara ndani yake, funga mpira mdogo upande mmoja na nati chache za baiskeli upande wa chini. Shika mrija, zungusha mpira juu ya kichwa. Nati zinazoning'inia ndizo zinazovuta kuelekea katikati, badala ya jua. (Wengi huita jiwe la kamba, lakini tafadhali tumia mpira au soksi yenye mchanga. Jiwe likichomoka darasani ni hatari.)

*Inatibu nini.* Dhana ya kusukumwa mbele. Achia uzi ghafla: mpira haurudi katikati wala hauendelei kuzunguka, unakwenda moja kwa moja kwenye mstari ulionyooka. Kumbe mwendo wa mbele ulikuwepo tayari, na uzi kazi yake ilikuwa kuupinda tu. Inatibu pia ile ya jua kutovutwa, na hili walimu wengi hulipita bila kulisema. Mwambie mwanafunzi azungushe mwenyewe na aeleze mkono wake unahisi nini. Anahisi kuvutwa. Ndivyo jua linavyovutwa na sayari zake, hasa Mshtarii (Jupita), hadi linayumba kidogo. Kwa kuangalia nyota inavyoyumba hivyo, Michel Mayor na Didier Queloz waligundua mwaka 1995 sayari inayozunguka nyota nyingine inayofanana na jua letu, na wakapata tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Jambo lingine zuri: mpira ukiwa unazunguka, vuta nati chini polepole. Njia inafupika na mpira unaenda kasi zaidi. Nyotamkia ya Halley, ile iliyopita mwaka 1986 na itakayorudi 2061, hufanya hivyohivyo: inapita karibu na jua kwa kasi ya kilomita 54 kwa sekunde, na ikifika mwisho wa njia yake huko mbali inakwenda chini ya kilomita moja kwa sekunde.

*Inapotosha wapi.* Mwanafunzi ataona ni lazima mkono uendelee kutikisika, na hapo dhana ya kusukumwa inarudi kwa mlango wa nyuma. Sema wazi kwamba mkono unapambana na hewa na msuguano wa uzi, vitu ambavyo sayari hazinavyo. Pia uzi haupungui nguvu kwa umbali kama uvutano unavyopungua.

*Inadai nini.* Karibu hakuna gharama. Dakika kumi, uwanjani.

*Inamfaa nani.* Darasa la watu wengi, shule ya msingi, na mwalimu aliyepewa mada leo ya kufundisha kesho.

Kitambaa kilichovutwa

Hili ndilo linalopendwa, na video zake zimeenea kwenye simu. Unatandaza kitambaa kinachovutika, unaweka uzito katikati, kinabonyea, kisha unarusha gololi zizunguke. Kitenge na khanga hazifai kwa sababu hazivutiki. Tafuta kile kitambaa cha kushonea taiti, sokoni Mwanjelwa au mnada wowote wa mitumba, na ukifunge kwenye miguu ya meza iliyopinduliwa. Kikilegea upande mmoja, gololi zote zitakimbilia huko.

*Kinatibu nini.* Kinampa mtoto picha ya namna jua linavyoweza kuathiri kitu kilicho mbali bila kamba wala mnyororo. Gololi zikikaribia katikati zinaongeza kasi, zikienda mbali zinapunguza, na njia zao si duara kamili. Weka uzito wa pili na utaona njia zinavurugika, jambo ambalo ni la kweli kabisa huko juu: sayari huvutana zenyewe kwa zenyewe. Sayari ya Uranus ilipoonekana kupotoka kidogo kwenye njia yake, Urbain Le Verrier alipiga hesabu ya sayari isiyojulikana inayoivuta, na Septemba 1846 Johann Galle akaiona Neptuni akiwa Berlin, karibu kabisa na pale alipoelekezwa. Sijui hadithi nyingine ya sayansi inayonyamazisha darasa kama hiyo.

*Kinapotosha wapi.* Sehemu nyingi, na hapa naomba mwalimu mwenzangu uwe makini. Gololi zote huishia katikati kwa sababu ya msuguano, na wanafunzi huondoka wakiamini dunia nayo inazama taratibu ndani ya jua. Haizami. Njia za gololi hurefuka kupita kiasi, kwa hiyo yule wa baridi ya Julai anapata ushahidi mwingine wa uongo. Tena kitambaa hubonyea kwa sababu dunia inavuta ule uzito chini, tunaeleza uvutano kwa kutumia uvutano wenyewe, na mwanafunzi mwerevu atauliza, "Sasa huko angani, chini ni wapi?"

Kubwa zaidi, watu hudhani kitambaa hiki ndicho nadharia ya Albert Einstein ya mwaka 1915. Ni kivuli chake tu. Einstein alisema kinachopindwa ni mahali na wakati kwa pamoja, na kwa vitu vinavyokwenda polepole kama sayari, kupindwa kwa wakati ndiko kunakofanya kazi kubwa. Saa iliyo chini, karibu na tungamo, huenda taratibu kuliko iliyo juu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo saa iliyo sahihi kabisa ikikaa Mbeya itatangulia ya ufukweni Dar es Salaam kwa karibu sehemu 6 kati ya milioni za sekunde kila mwaka. Saa za setilaiti zinazoiwezesha simu kujua iko wapi hutangulia kwa sehemu 38 kati ya milioni za sekunde kila siku, na zisiporekebishwa, ramani ya simu ingekosea kwa kilomita kadhaa ndani ya siku moja. Kitambaa hakisemi lolote kuhusu wakati.

*Kinadai nini.* Fedha kidogo ya kitambaa, watu wa kusaidia, na nafasi ya wanafunzi kuzunguka meza. Wakizidi arobaini, wa nyuma hawaoni kitu.

*Kinamfaa nani.* Kidato cha tatu na kuendelea, klabu ya sayansi, siku ya wazazi. Kwa watoto ambao bado hawajaelewa kwa nini dunia haianguki juani, ningekiweka mwisho.

Pendulamu

Uzi wa mita moja, nati, msumari na saa ya simu: nati inaning'inizwa kwa uzi kwenye msumari na kuachiwa ibembee. Haina mvuto wa macho, na kwa sababu hiyo hudharauliwa.

*Inatibu nini.* Dhana ya kizito kuanguka haraka. Ongeza nati ya pili na ya tatu bila kubadili urefu wa uzi: muda wa kwenda na kurudi haubadiliki. Pima mizunguko 20, utapata kama sekunde 40. Ukiingiza urefu wa uzi na muda huo kwenye kanuni ya pendulamu, unapata kiwango ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka: karibu mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde. Kwa kimo na latitudo ya Mbeya, thamani iko karibu na 9.78.

Usiishie hapo. Waulize wanafunzi: je, mwezi nao unavutwa na nguvu hiihii iliyoivuta nati? Mwezi uko umbali wa kilomita 384,400, yaani kama mara 60 ya nusu kipenyo cha dunia. Ikiwa mvuto hupungua kwa mraba wa umbali, kule unapaswa kuwa mdogo mara 3,600. Gawa 9.8 kwa 3,600, unapata 0.0027. Sasa pima kwa njia nyingine isiyohusiana kabisa na uzi wako: mwezi humaliza mzunguko mmoja kwa siku 27.3, na ukitumia umbali huo na muda huo kutafuta jinsi njia yake inavyopindwa, unapata 0.0027 tena. Newton mwenyewe alilipima wazo lake kwa namna hii. Uzi uliofungwa kwenye dirisha la darasa Mafinga au Tukuyu unatoa namba moja na mwezi ulio juu ya paa. Kwa sekunde moja, mwezi huanguka kuelekea kwetu kwa milimita 1.4 hivi. Nikiandika milimita hiyo ubaoni baada ya hesabu, swali la "mbona hauanguki" huwa halirudi tena.

Inatibu pia ile ya angani kutokuwa na uvutano. Kwa kanuni hiyohiyo, wanafunzi wapige hesabu ya kituo cha anga kilicho kilomita 400 juu. Watapata karibu asilimia 90 ya mvuto wa hapa chini. Wanaanga wanaelea kwa sababu wanaanguka pamoja na chombo chao.

*Inapotosha wapi.* Kidogo sana, ila mwanafunzi anaweza kujaribu kupima tofauti ya Mbeya na Kyela akadhani ameipata. Ukikosea urefu wa uzi kwa sentimita moja, jibu linapotea kwa asilimia moja, na tofauti ya kimo ni ndogo mno kuliko hapo. Tofauti zenyewe zipo: mwaka 1672 Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu kutoka Paris hadi Cayenne, karibu na ikweta, ikachelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku. Hata milima huvuta. Mwaka 1774 Nevil Maskelyne alionyesha kwamba mlima Schiehallion wa Uskoti unavuta timazi pembeni kidogo. Mlima Rungwe nao unafanya hivyo, kwa kiasi kisichoonekana kwa macho.

*Inadai nini.* Vifaa vya bure, lakini vipindi viwili na wanafunzi wanaoweza vipeo na kugawanya desimali.

*Inamfaa nani.* Sekondari, hasa wanaojiandaa na mtihani wa vitendo, na yeyote anayependa namba zikutane.

Kumwangalia Mshtarii

Januari 1610 Galileo Galilei aliona vinukta karibu na Mshtarii, ambavyo ni miezi yake, vikibadili nafasi usiku baada ya usiku. Darubini ya macho mawili ya leo, ile ya kukuza mara kumi, ikiegemezwa kwenye ukuta au nguzo isitikisike, inaonyesha vinukta hivyo. Wanafunzi wachore kila usiku saa ileile, kwa wiki mbili.

*Inatibu nini.* Inaondoa mashaka kwamba uvutano ni mali ya dunia peke yake. Mwezi wa Mshtarii uitwao Io uko kilomita 421,700 kutoka kwenye sayari yake, umbali unaokaribiana na wa mwezi wetu. Mwezi wetu huchukua siku 27.3 kuzunguka, Io huchukua siku 1.77. Kwa nini haraka hivyo? Kwa sababu kilicho katikati ni kizito zaidi. Gawa 27.3 kwa 1.77, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa uwiano wa umbali (421,700 kwa 384,400) katika kipeo cha tatu: utapata kidogo zaidi ya 310. Tungamo halisi la Mshtarii ni mara 318 ya lile la dunia. Mwanafunzi wa kidato cha nne amepima tungamo la sayari akiwa kwenye uwanja wa shule.

Kisha linganisha Io na Ganymede, mwezi mwingine wa Mshtarii, inayochukua siku 7.15 ikiwa mbali mara 2.54. Mraba wa uwiano wa siku na kipeo cha tatu cha uwiano wa umbali vyote vinatoa 16 na ushee. Ni kanuni ambayo Johannes Kepler aliichapisha mwaka 1619 kwa ajili ya sayari na jua, na hapa inafanya kazi kwa miezi na sayari.

*Inapotosha wapi.* Tunaitazama miezi hiyo kwa ubavu, hivyo inaonekana ikienda mbele na nyuma kwenye mstari badala ya kuzunguka. Mwanafunzi mmoja asimame katikati ya uwanja na mwingine amzunguke, wengine wakitazama kwa mbali, na jambo litaeleweka.

*Inadai nini.* Hapa ndipo penye mzigo. Darubini ni ghali kwa shule nyingi. Mawingu ya Novemba hadi Aprili yatakufanya ukate tamaa, na Rungwe ukungu huweza kuja hata kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba, Uyole, Makambako na Iringa anga huwa safi na baridi ni kali, wanafunzi waje na masweta. Mshtarii nayo hupotea kwenye mwanga wa jua kwa wiki kadhaa katika kila miezi 13 hivi, kwa hiyo angalia kwanza kwenye programu ya anga ya simu. Na darubini isielekezwe kwenye jua hata kwa sekunde moja, inapofusha.

Usipopata darubini, fuatilia mwezi wetu kwa macho. Waliokuwa Rujewa, Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa, waliliona likibaki kama pete. Mwezi siku hiyo ulikuwa sehemu ya mbali ya njia yake, ambayo ni duaradufu, ukashindwa kulifunika jua lote.

*Inamfaa nani.* Shule ya bweni. Kwa shule ya kutwa ni vigumu, labda mzazi asimamie nyumbani.

Kimondo cha Mbozi

Ndolezi, mkoani Songwe, lipo donge la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16, lililotoka angani. Linatibu dhana kwamba dunia haina mahusiano na vitu vya huko nje: chochote kinachoangukia dunia kutoka mbali hufika kwenye hewa yetu kwa kasi isiyopungua kilomita 11 kwa sekunde, kwa sababu ya mvuto wa dunia tu. Vimondo vingi hutoka kwenye ukanda wa asteroidi, miamba inayozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, na ni mvuto wa Mshtarii unaochangia kuvipotosha njia hadi vitufikie. Kinapopotosha ni kwamba hakionyeshi mzunguko wowote. Kinadai nauli na siku nzima. Kinawafaa wanafunzi ambao tayari wameshafundishwa. Asiyejua chochote atapiga picha na kurudi.

Kwa hali yako

Una kipindi kimoja na wanafunzi themanini: kamba, uwanjani, na umpe kila aliye jirani nafasi ya kuhisi mkono ukivutwa. Dhana ya mwanzo darasani ni "angani hakuna uvutano": pendulamu na hesabu ya mwezi, hata kama itakula vipindi viwili. Darasa halina hesabu za kutosha bado: kamba tena, na milimita 1.4 uitaje bila kuikokotoa.

Uko bweni, ni Julai, na Mshtarii inaonekana usiku: acha mengine yasubiri, fanya wiki mbili za kuchora. Mvua zimeanza: rudi ndani na pendulamu.

Una klabu ya wanafunzi kumi na tano wenye maswali mengi: kitambaa, mkikipinga pamoja. Waambie wataje wenyewe mahali kinapodanganya kabla hujawasaidia. Wakifika kwenye swali la "chini ni wapi", waingize kwenye habari ya saa ya Mbeya na ya Dar.

Kama shule iko kati ya Mbeya na Tunduma na nauli inapatikana, safari ya Mbozi ije wiki inayofuata baada ya kamba au pendulamu, na kila mwanafunzi aende na swali moja aliloliandika kabla ya kupanda gari.